Moyo Hurithiwa Kuumeni na Kukeni

Jumatatu mchana mama mdogo wangu alikuwa amekaa juu ya mbuzi akikuna nazi. Katikati ya kazi akanyamaza, akashika taya la kushoto, akasema jino limeanza tena. Upande ule hakuwa na jino hata moja, aliyang'oa yote miaka mingi nyuma. Siku ya pili alipatwa na kichefuchefu na uchovu asioujua, hata ngazi za kwenda kidari cha meko, jiko la juu darini, alizipanda kwa kupumzika mara mbili. Zahanati moja ilimpa dawa ya gesi. Nyumbani wazee wa kike walisema ni chango, akakandwa. Alfajiri ya Jumatano akafariki. Alikuwa na miaka 57.

Matangani sisi wanaume tulikaa barazani, Mkomani, hapa Amu (Lamu), na maneno yakafika pale yanapofika kila mara mtu anapoondoka ghafla: ukoo wake una nini? Mzee mmoja akahesabu kwa vidole. Baba yake marehemu alipita miaka themanini. Ami zake wote walizeeka. "Basi moyo hawana hao," akasema, na wengine wakaitikia. Ndani, kwa wanawake, hesabu ilikuwa nyingine. Mama yake marehemu, yaani bibi yangu mzaa mama, naye alianguka jikoni ghafla kabla hajafika sitini. Wao walilijua jambo hilo miaka yote. Sisi wa nje hatukuambiwa, na hatukuwahi kuuliza.

Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichokipata juu ya suala moja: ugonjwa wa moyo unarithiwa vipi, na kwa nini haumjii mwanamume na mwanamke kwa njia moja. Mengi niliyodhani nayajua hayakuwa hivyo, na kuna tarakimu mbili za pacha wa Sweden zilizonikosesha usingizi mpaka nilipozielewa. Hizo nitazifikia. Kwanza tuelewane juu ya ugonjwa wenyewe.

Moyo husukuma damu ya mwili mzima, lakini nao una mishipa yake midogo inayoulisha. Ndani ya kuta za mishipa hiyo hujikusanya mafuta, miaka mingi, bila maumivu. Siku moja utando unaoyafunika mafuta hayo hupasuka, damu huganda pale, njia huziba, na sehemu ya msuli wa moyo hukosa chakula na kuanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo. Yapo maradhi mengine ya moyo, kama ule wa vali unaoanzia kwenye koo la mtoto lisilotibiwa, na yana njia zake. Hapa nazungumzia huu wa mishipa.

Tofauti ya kwanza kati ya wanaume na wanawake ni ya umri. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa INTERHEART, uliolinganisha watu wapatao 15,000 waliopata mshtuko wa moyo kwa mara ya kwanza na karibu idadi hiyo hiyo ya watu wasioupata, katika nchi 52. Wanawake waliupata wakiwa wamewazidi wanaume kwa takriban miaka 9. Maelezo yaliyozoeleka ni homoni ya estrojeni, ambayo huisaidia mishipa kutanuka na huiweka kolesteroli, mafuta ya damuni, katika hali njema mpaka hedhi inapokoma. Maelezo haya yana ukweli, lakini ukiyashika peke yake yatakupoteza. Huko Marekani wanaume waliokwisha kupata mshtuko waliwahi kupewa estrojeni katika majaribio ya dawa, ikawadhuru, ikasimamishwa. Kisha mwaka 2002 ukasimamishwa utafiti mwingine mkubwa wa huko huko, wa wanawake zaidi ya 16,000 waliokwisha kukoma hedhi, ambapo baadhi yao walipewa estrojeni pamoja na homoni nyingine. Mioyo yao haikupata kinga iliyotarajiwa, na kiharusi na saratani ya matiti viliongezeka. Kwa hiyo mwili wa mwanamke una kinga ya miaka kadhaa, na kinga hiyo haiwezi kurudishwa kwa kidonge.

Sasa urithi.

Nyumba nyingi za Amu zina shajara, yaani karatasi ya nasaba. Yetu imeandikwa kwa wino mweusi kwenye karatasi iliyokunjika mara nne: fulani bin fulani bin fulani, hadi mtu aliyekuja na jahazi. Majina ya wanawake hayamo. Kwa urithi wa jina na wa mali, karatasi ile imetosha. Kwa urithi wa mwili, imeacha nusu nzima.

Karibu kila seli ya mwili ina kromosomu 46, nyuzi zilizobeba jeni, yale maagizo ya mwili tunayorithi. Ni jozi 23, na katika kila jozi moja imetoka kwa baba na moja kwa mama. Jozi 22 haziangalii jinsia ya mtu. Jozi ya mwisho ndiyo inayotofautisha: mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X aliyopewa na mama na Y aliyopewa na baba. Y hutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume, vizazi na vizazi, sawasawa na shajara. Mitokondria, vijitanuri vya nguvu vilivyo ndani ya seli, hutoka kwa mama tu. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya pwani, pamoja na Manda na Faza za hapa kwetu. Mitokondria zao zilikuwa za Kiafrika karibu zote. Y zao nyingi zilikuwa na asili ya kusini magharibi mwa Asia, hasa Uajemi. Baba zao walikuja na upepo wa kaskazi, mama zao walikuwa na watu wao hapa hapa. Mifupa ilihifadhi pande zote mbili.

Na moyo, uko upande gani? Jeni zinazojulikana kuongeza hatari ya mshtuko ni zaidi ya 200 sasa, kila moja ikichangia kidogo, na karibu zote ziko kwenye zile jozi 22. Ile ya mwanzo kugunduliwa kwa njia ya kupima jeni za watu wengi kwa pamoja ilipatikana mwaka 2007 kwenye kromosomu ya 9, na hufanya kazi kwa wanawake na kwa wanaume. Maana yake ni kwamba mtu hupokea hatari hii kuumeni na kukeni kwa sehemu sawa. Mzee wa barazani alipohesabu ami peke yao, alikuwa amesoma ukurasa mmoja wa barua yenye kurasa mbili.

Hata Y yenyewe imechunguzwa. Mwaka 2012 watafiti wa Uingereza walisema kwamba wanaume wenye ukoo fulani wa Y wana hatari kubwa kwa takriban nusu kuliko wengine. Uchunguzi mkubwa zaidi uliofuata haukuuona uzito huo. Kilichosimama imara zaidi ni jambo jingine, na mimi liliniingia sana. Mwanamume anapozeeka, baadhi ya seli zake za damu huipoteza Y. Kwa wenye miaka 70, hali hii huonekana kwa wanaume wapatao 4 kati ya 10, na wavutaji sigara huipoteza zaidi. Mwaka 2022 watafiti waliwapandikiza panya uboho usiokuwa na Y, na mioyo ya panya hao ikajaa makovu na kudhoofika. Yaani kitu alichokupa baba yako, na babu aliyempa baba yako, sigara inaweza kukifuta ndani ya damu yako ungali hai. Hapo urithi na mazingira havitenganishiki tena.

Kuna hali moja ambamo jeni moja tu inatosha kuleta hatari kubwa. Kwenye kromosomu ya 19 iko jeni inayotengeneza milango ya ini ya kupokea kolesteroli mbaya na kuiondoa kwenye damu. Michael Brown na Joseph Goldstein walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985 kwa kuigundua kazi hiyo. Mtu akirithi nakala mbovu kutoka kwa mzazi mmoja, milango inapungua, na kolesteroli inakuwa juu tangu utotoni, hata awe mwembamba, hata ale samaki na mboga. Ni takriban mtu 1 kati ya 250. Mzazi mwenye nakala hiyo humpa kila mtoto kwa nafasi ya nusu kwa nusu, wa kiume kwa wa kike. Asipotibiwa, karibu nusu ya wanaume wenye hali hii huugua moyo wakifika miaka 50. Kwa wanawake ni kama 3 kati ya 10 wakifika 60. Jeni ni ile ile na kolesteroli ni ile ile. Mwanamke hucheleweshewa tu.

Hili linatuhusu kwa njia ya pekee, kwa kuwa kwetu binamu huoana. Wazazi wakiwa wote wawili na nakala mbovu, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kurithi mbili, na mtoto wa namna hiyo anaweza kuugua moyo akiwa bado shuleni. Sisemi ndoa za binamu zivunjwe. Nasema nyumba ambayo watu wake wameondoka mapema kwa moyo ipime kolesteroli kabla ya kupeleka posa, kama ambavyo watu wamezoea sasa kupima mambo mengine. Dawa ipo, na kwa wenye nakala moja husaidia sana.

Nirudi kwa mama mdogo na bibi yangu, maana hapa ndipo pana jambo ambalo laiti ningalilijua mapema. Madaktari wakiuliza historia ya familia, huwa na mipaka miwili: baba, kaka au mtoto wa kiume aliyepata ugonjwa huu kabla ya miaka 55, na mama, dada au mtoto wa kike aliyeupata kabla ya miaka 65. Kwa nini mwanamke amewekewa mpaka wa mbali?

Fikiria majahazi mawili yanayopakia boriti. Moja lina ubavu mrefu, jingine ubavu mfupi. La ubavu mfupi, maji huingia hata kwa shehena ya wastani. La ubavu mrefu hubeba mengi kabla maji hayajafika ukingoni. Sasa lile la ubavu mrefu likizama mbele ya Shela, bado halijakutana na bahari kuu, nahodha yeyote atakwambia shehena ilipita kiasi. Mwanamke ni jahazi la ubavu mrefu kwa ile miaka yake 9 ya ziada. Akizama mapema, yaelekea alibeba mzigo mzito wa urithi, na mzigo huo ameugawa kwa watoto wake na anao pamoja na ndugu zake. Kaka aliyekufa kwa moyo akiwa na 62 hawezi kuwashtua madaktari sana. Dada aliyekufa na 62 anapaswa kuwashtua.

Bibi yangu hakufika sitini. Mama mdogo alikuwa na 57. Kwa mama yangu hao ni mama na dada, wote wawili ndani ya mpaka, na barazani hakuna aliyewahesabu.

Sasa zile tarakimu za pacha. Sweden wana daftari la pacha la miaka mingi, na pacha ni dirisha zuri la kuchungulia urithi. Pacha wa kufanana wana jeni zile zile; pacha wasiofanana wana nusu tu ya pamoja, kama ndugu wengine, ingawa wote wamelelewa nyumba moja. Mwaka 1994 yalitoka matokeo ya pacha 21,004 waliofuatiliwa kwa miaka 26. Mwanamume ambaye pacha wake wa kufanana alikufa kwa moyo kabla ya miaka 55 alikuwa na hatari mara 8.1 ya kufa kwa moyo, ukilinganisha na yule ambaye pacha wake hakufa hivyo. Kwa wasiofanana ilikuwa mara 3.8. Mwanamke ambaye pacha wake wa kufanana alikufa kwa moyo kabla ya miaka 65: mara 15. Wasiofanana: mara 2.6. Ukisoma hapo utasema, basi moyo wa mwanamke hutawaliwa na urithi kuliko wa mwanamume.

Mwaka 2002 yakatoka matokeo mengine, kutoka daftari lile lile, pacha 20,966, miaka 36. Safari hii walikokotoa kiwango cha urithi wa kifo cha moyo kwa ujumla. Wanaume asilimia 57. Wanawake asilimia 38. Ukisoma hapa utasema kinyume kabisa.

Niliziweka tarakimu hizi kando kwa wiki nzima nikidhani mmoja wao amekosea. Hakuna aliyekosea, wameuliza maswali mawili.

Swali la kwanza lilihusu vifo vya mapema, na urithi una nguvu kubwa kwenye vifo vya mapema. Watafiti wenyewe waliona kwamba kadiri pacha alivyokufa mzee zaidi, ndivyo uzito wa urithi ulivyopungua kwa aliyebaki. Swali la pili lilihusu vifo vyote, vya mapema na vya uzeeni. Wanawake wengi wanaokufa kwa moyo hufa wazee, wakati presha, kisukari, moshi na miaka yenyewe vimekwisha kufanya kazi yao. Ukiwachanganya wachache walioondoka mapema na wengi walioondoka wakiwa na 80, sehemu ya urithi huonekana ndogo.

Kisha hili la "mara 15". Ni mara 15 ya nini? Tuseme, kwa mfano wa kufikirika, katika umri fulani mwanamke 1 kati ya 1,000 hufa kwa moyo, na wanaume ni 4 kati ya 1,000. Mara 15 ya yule 1 ni 15. Mara 8 ya wale 4 ni 32. Kuzidisha kwa mwanamke ni kukubwa, ilhali mwanamume bado yuko kwenye hatari kubwa zaidi. Ukisikia "mara kadhaa" bila kuambiwa ilianzia wapi, umesikia nusu ya habari.

Cha mwisho ndicho kinachowapoteza wengi, nami kilinipoteza. Asilimia 38 haina maana kwamba katika ugonjwa wa mwanamke mmoja, sehemu 38 zimetoka kwa wazazi na 62 jikoni. Kiwango cha urithi hupima tofauti baina ya watu: kwa nini huyu ameugua na yule hakuugua, katika kundi fulani, mahali fulani, wakati fulani. Chukua kijiji cha Pate ambako kila mwanamke hupikia kuni tangu utoto. Moshi unawadhuru wote, lakini kwa kuwa ni wote, hauonekani kama tofauti. Tofauti zinazobaki ni za jeni, na hesabu itasema urithi ni mkubwa. Nusu yao wakipata majiko ya gesi, moshi utaanza kuonekana kama tofauti, na asilimia ya urithi itashuka. Hakuna jeni hata moja iliyobadilika. Pacha wale wa Sweden walizaliwa kati ya 1886 na 1925, wakaishi kwenye baridi, na vyakula vyao na sigara za zama zao. Tarakimu zao zinatufundisha namna ya kufikiri. Hazituambii asilimia ya Amu.

Mazingira yetu basi yakoje? INTERHEART ilipima mambo tisa: sigara, kolesteroli, presha, kisukari, mafuta ya tumbo, dhiki za nafsi, matunda na mboga, mazoezi, na pombe. Kwa pamoja yalieleza takriban asilimia 90 ya hatari kwa wanaume na 94 kwa wanawake. Msomaji atauliza: ikiwa mazingira ni 94, urithi wa 38 umetoka wapi? Ni kwamba hivyo viwili haviko kwenye mizani moja. Urithi mwingi hupitia humo humo: unarithi mwelekeo wa presha, wa kisukari, wa kolesteroli, kisha maisha yanauwasha au yanauzima.

Na maisha hayamwashii kila mmoja sawa. Uchunguzi wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha wanaume wapatao 2 kati ya 10 wanavuta sigara, na wanawake chini ya 1 kati ya 100. Barazani kwetu hilo huonekana kwa macho, pamoja na muguka, majani yanayotafunwa kama miraa, ambao nao hupandisha presha na mapigo ya moyo kwa saa kadhaa. Huo ni mzigo wa wanaume. Lakini mwanamke anayevuta huumia zaidi: tathmini kubwa iliyotoka mwaka 2011, ikiunganisha tafiti nyingi, iliona hatari ya moyo inayoletwa na sigara kwa mwanamke inaizidi ya mwanamume kwa asilimia 25. Kisukari ndivyo hivyo, na kwa ukali zaidi: mwaka 2014 ilionekana hatari inayoongezwa na kisukari kwa mwanamke inaizidi ya mwanamume kwa asilimia 44. Ile kinga ya miaka 9 karibu yote huliwa na sukari. Ninapoona sinia la mahamri na chai iliyokolea sukari likipita kwa mara ya tatu upande wa kina mama, nafikiria hilo, maana uchunguzi ule wa 2015 uliona unene uliopita kiasi kwa wanawake wapatao 4 kati ya 10, mara mbili ya wanaume.

Halafu moshi. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 3.2 walikufa mwaka 2020 kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na takriban theluthi moja ya vifo hivyo ni vya moyo huu huu wa mishipa. Chembe za moshi ni ndogo kiasi cha kupita mapafu na kuingia kwenye damu, na huko huziumiza kuta za mishipa. Wajenzi wa zamani wa Amu waliliweka jiko juu darini, chini ya makuti, upepo ukipita. Nyumba nyingi mpya zimelishusha chini, chumba kidogo, dirisha moja, makaa yakiwaka toka alfajiri. Mwanamke aliyepika humo miaka thelathini huandikwa hospitalini kuwa havuti sigara, na ni kweli havuti.

Kuna jambo jingine la mwanamke peke yake, nalo huandikwa kabisa kisha likasahauliwa. Mimba ni mtihani wa moyo. Damu huongezeka, mishipa hubeba zaidi, na mwili wenye mwelekeo wa ugonjwa hujionyesha miaka ishirini kabla ya wakati. Mwanamke aliyepata presha ya mimba iliyofikia kuleta kifafa cha mimba, au dalili zake, ana hatari kama mara mbili ya ugonjwa wa moyo maishani, na hatari ya presha ya kudumu huzidi hapo. Akijifungua salama, presha ikashuka, kila mtu hushukuru na kijitabu cha kliniki huingia sandukuni. Kijitabu kile kitolewe. Miaka kumi au ishirini baadaye, kurasa zile za presha zina thamani kwa daktari wa moyo. Vivyo hivyo mwanamke aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40 na amwambie daktari, hata akiulizwa habari ya kifua tu.

Dalili nazo. Maumivu ya kifua ndiyo dalili ya kwanza kwa wote wawili. Wanawake, zaidi ya wanaume, huja pia na mengine: taya, shingo, mgongo kati ya mabega, pumzi fupi, kichefuchefu, jasho baridi, uchovu usio na sababu. Kwa lugha yetu mengi ya hayo yana majina tayari, riahi, chango, gesi, na jina likishapatikana, safari ya hospitali huahirishwa. Kwa aliyeko Kiunga au Kizingitini, mpaka kuifikia Hospitali ya King Fahad hapa Amu ni safari ya boti, na wakati wa kusi bahari haina huruma. Msuli wa moyo hufa kwa dakika. Saa tatu zilizopotea kwenye kukandwa hazirudi.

Na huzuni pia huudhuru moyo, kwa maana ya mwili kabisa. Mwaka 1990 madaktari wa Japani waliielezea hali ambamo moyo, baada ya msiba au hofu kubwa, hudhoofika ghafla na sehemu yake ya chini kuvimba. Kwenye picha ulifanana na chungu wanachotegea pweza kule kwao, shingo nyembamba na tumbo pana, wakaiita kwa jina la chungu hicho, takotsubo. Wavuvi wa pweza wa Pate wangeielewa picha ile bila kufafanuliwa. Wagonjwa 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wao waliokwisha kukoma hedhi. Wengi hupona kwa wiki kadhaa, lakini mwanzoni haiwezekani kuitofautisha na mshtuko wa kawaida bila vipimo. Mjane aliye eda akisema kifua kinambana, asiambiwe ni huzuni tu, avumilie. Eda haimzuii mgonjwa kwenda hospitali.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa mama yangu na nakala ya shajara. Mama ana miaka 64, ni dada wa marehemu, tumbo moja. Nilimpima presha kwa mashine ya kuazima, 158 kwa 94, nikampima tena baada ya kupumzika, ikashuka kidogo tu. Hakuwahi kupimwa tangu mimba ya mdogo wangu wa mwisho, na yeye si peke yake: uchunguzi ule wa 2015 uliona zaidi ya nusu ya watu wazima wa Kenya hawajawahi kupimwa presha.

Nikaigeuza karatasi upande wa nyuma, mweupe, nikamwomba anitajie watu wa kukeni. Akaanza na mama yake. Nikaandika jina, na mbele yake: jikoni, ghafla, kabla ya 60. Akamtaja mama mdogo wa mama yake, wa Siyu, aliyekuwa akishika mgongo siku nyingi kabla hajafa. Umri? Akafikiri, akahesabu kwa harusi na vuli, akasema hamsini na kitu. Nikaandika. Dada yangu, mwenye miaka 38, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, akisikiliza. Akauliza kipimo cha kolesteroli hufanywa siku gani, na kama ni lazima uende na njaa.

Mama akasema, "Ngoja, bado. Kuna mwingine wa Matondoni." Nikakunjua karatasi zaidi.